Tunahesabu Mitambo au Mikutano? Namna ya Kukadiria Matumizi ya Vifaa vya Mikutano kwa Video Maofisini

Mada kwa semina ya maofisa TEHAMA, ununuzi na utawala



1. Utangulizi

Swali ninaloleta mbele yenu huulizwa kila msimu wa kuandaa bajeti: vifaa vya mikutano kwa video vilivyofungwa katika vyumba vyetu vya mikutano vinatumika kwa kiasi gani? Mara nyingi tunalijibu kwa kuhesabu vyumba vyenye skrini na kamera. Kwa hesabu hiyo, taasisi inaweza kuripoti mafanikio makubwa huku maofisa wake wakiendelea kusafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa ajili ya kikao cha saa mbili, nauli na posho zikilipwa kama zamani.

Hoja yangu ni moja. Matumizi hupimwa kwa saa za mikutano iliyofanyika kupitia kifaa, na idadi ya vifaa peke yake haiwezi kutuambia saa hizo. Nitaeleza kwa nini makadirio mengi hupotoka, kisha nipendekeze utaratibu ambao ofisi yoyote inaweza kuufuata bila kuajiri mtaalamu kutoka nje.

2. Makadirio yaliyowahi kupotoka

Biashara hii ina historia ndefu ya makadirio mabaya. Kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilionyesha simu yake ya picha, Picturephone, katika maonyesho ya New York mwaka 1964. Mwaka 1970 iliianzisha kibiashara mjini Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi, na viongozi wake wakatabiri kwamba kufikia mwaka 1980 simu milioni moja za aina hiyo zingekuwa zinatumika. Mjini Chicago, ambako huduma ilipata wateja wengi zaidi, idadi ilifikia kilele cha simu 453 mwanzoni mwa 1973, kisha ikashuka.

Bei ilichangia, lakini kulikuwa na sababu iliyo muhimu zaidi kwetu. Kifaa cha video hakina kazi kama upande wa pili hakuna kifaa. Anayekadiria matumizi lazima atazame vyumba viwili kwa pamoja. Mtambo wa makao makuu Dodoma utakaa kimya ikiwa ofisi za mikoani hazina mtambo, hazina mtandao wa uhakika, au hazina mtu anayejua kuuwasha.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, kampuni ya Zoom ilitangaza kwamba ina watumiaji milioni 300 kwa siku. Baadaye ilisahihisha: hao walikuwa washiriki wa mikutano. Mtu mmoja aliyeingia mikutano mitano kwa siku alihesabiwa mara tano. Tarakimu ilibaki ileile, ila kilichohesabiwa kilikuwa kitu kingine kabisa. Microsoft nayo, kwa huduma yake ya Teams, ilikuwa ikitangaza watumiaji wa kila siku, na kufikia mwaka 2021 ikahamia kwenye watumiaji wa kila mwezi. Anayepanga takwimu hizo kwenye mstari mmoja ili kuonyesha ukuaji analinganisha vitu visivyolingana.

3. Tunapima nini hasa?

Kabla ya kuhesabu, tukubaliane maana. Katika ofisi zetu kuna aina tatu za vifaa. Ya kwanza ni mtambo kamili wenye kodeki yake (kifaa cha kubana na kufungua picha na sauti), kamera inayozunguka na vipaza sauti vya mezani. Hii ndiyo iliyojengwa juu ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kama H.320 wa mwaka 1990 na H.323 wa mwaka 1996. Ya pili ni kompyuta maalumu ya chumba inayoendeshwa kwa programu, mfano Zoom Rooms au Teams Rooms. Ya tatu ni kamera na spika za kuchomeka, ambazo mtu huunganisha na kompyuta mpakato yake akishafika chumbani.

Ukihesabu aina ya kwanza peke yake, utapata idadi ndogo sana. Ukijumlisha zote tatu, idadi itapanda. Na kuna kundi la nne ambalo halimo katika rejesta yoyote: maofisa wanaoweka simu au kompyuta ya mmoja wao katikati ya meza na kuizunguka, huku mtambo wa chumba ukiwa umezimwa ukutani. Huo ni mkutano kwa video, lakini si matumizi ya kifaa cha chumba. Kundi hilo lipewe safu yake kwenye fomu, maana ndilo linalotuonyesha kiu ya huduma ambayo mtambo wetu umeshindwa kuikata.

Hivyo napendekeza tutenganishe ngazi nne: vifaa vilivyonunuliwa, vilivyofungwa, vinavyofanya kazi, na vinavyotumika. Katika kila ngazi baadhi hupungua. Kingine bado kimo stoo kwenye boksi lake, kingine kimefungwa lakini leseni imekwisha, kingine ni kizima ila rimoti inakaa kwenye droo iliyofungwa na mwenye ufunguo yuko likizo.

4. Vyanzo vya takwimu na kasoro zake

Chanzo cha kwanza ni mauzo. Kampuni za utafiti wa soko hukusanya idadi ya vifaa vilivyosafirishwa na watengenezaji. Takwimu inayonukuliwa sana katika biashara hii ni ya Frost & Sullivan, kwamba duniani kulikuwa na vyumba vya mikutano takriban milioni 90, na kwamba vyenye vifaa vya video havikufika asilimia 10. Ni takwimu ya kuonyesha ukubwa wa soko, na muuzaji huitumia kueleza nafasi iliyobaki ya kuuza. Haisemi chochote kuhusu saa za matumizi. Tena, mauzo hujumlisha kifaa kipya pamoja na kile kilichokuja kurithi kifaa kilichochakaa.

Chanzo cha pili ni tafiti za kitaifa. Viashiria vya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, kuhusu matumizi ya TEHAMA katika biashara vina kipengele cha shughuli zinazofanywa kupitia intaneti, na ndani yake kupiga simu kwa intaneti na kufanya mikutano kwa video vimewekwa pamoja. Kampuni inayopiga simu za sauti tu na kampuni yenye mitambo katika kila chumba zote hujibu ndiyo. Hata pale swali linapohusu mikutano ya mbali peke yake, kinachohesabiwa ni kampuni. Kampuni yenye vyumba 50 na kampuni yenye chumba kimoja zina uzito sawa.

Chanzo cha tatu ni kumbukumbu za mitambo yenyewe. Hizi ndizo bora zaidi kwa saa, kwa kuwa mtambo huandika muda wa kila simu ulipoanza na ulipokwisha. Lakini zina mitego. Simu ya majaribio ya fundi huandikwa kama mkutano. Simu iliyosahaulika bila kukatwa huandikwa saa nyingi za bure. Na kompyuta iliyo mezani haionekani kabisa.

Chanzo cha nne ni daftari au kalenda ya kuhifadhi vyumba. Kalenda huonyesha nia, maana vikao huahirishwa bila kufutwa, na vikao vya dharura hufanyika bila kuandikwa.

Chanzo cha tano ni kuuliza watu. Hapa namna ya kuuliza ndiyo huamua jibu. Ukimuuliza mkuu wa idara kama wanatumia mikutano kwa video, atasema ndiyo, na atakuwa mkweli. Muulize badala yake kuhusu mkutano wa mwisho uliofanyika katika chumba hiki: ulikuwa lini, kulikuwa na mshiriki wa mbali, na aliunganishwa kwa kifaa gani? Swali kuhusu tukio moja la karibuni humlazimu mtu akumbuke badala ya kukisia. Majibu ya vyumba vingi yakikusanywa, yanatoa kadirio zuri.

5. Utaratibu ninaopendekeza

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha vyumba vyote vya mikutano, vyenye vifaa na visivyo navyo. Rejesta ya mali huorodhesha vifaa tu, kwa hiyo haitoshi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na chumba nacho kihesabiwe kama mali.

Hatua ya pili ni kuvigawa vyumba katika matabaka kwa ukubwa: vidogo vya watu wasiozidi sita, vya kati, na kumbi kubwa. Vyumba vidogo huwa vingi, na vifaa hupelekwa kwanza kwenye kumbi za wakubwa. Anayekagua kumbi kubwa peke yake atakadiria juu kupita kiasi. Matokeo ya kila tabaka yapewe uzito kulingana na idadi ya vyumba vyake.

Hatua ya tatu ni sampuli. Taasisi yenye vyumba vichache ivikague vyote. Kwa sekta nzima au mkoa mzima, sampuli ya nasibu ya vyumba 100 hutoa asilimia yenye kosa la takriban pointi 10 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Ili kosa lishuke hadi pointi 5, sampuli lazima ifike vyumba 400. Kupunguza kosa kwa nusu kunadai kazi mara nne, na ni vyema anayetoa fedha alijue hilo mapema.

Hatua ya nne ni kuchagua wiki za kupima. Hapa Tanzania, miezi ya Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, viongozi wengi huwa Dodoma na mikutano ya mbali huongezeka. Wiki moja ya Mei haiwezi kusimama kwa niaba ya mwaka mzima. Chukua wiki kadhaa zilizotawanyika katika robo zote za mwaka, na ziandikwe pia siku ambazo mtandao ulikatika. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nchi kadhaa za ukanda wetu zilikosa intaneti ya uhakika kwa siku kadhaa. Kipimo cha siku hizo kinaeleza hali ya waya, si tabia ya maofisa.

6. Mfano wa hesabu

Tuchukulie taasisi ya kubuni yenye vyumba 40, kila kimoja kikiwa wazi saa 40 kwa wiki. Vyumba 26 vina vifaa, na 20 kati ya hivyo vinafanya kazi. Kwa wiki, vyumba vyote 40 vina saa 600 za mikutano. Kati ya hizo, saa 150 zina washiriki wa mbali: saa 90 kupitia kifaa cha chumba, na saa 60 kupitia kompyuta au simu ya mtu.

Kwa takwimu hizo mtu anaweza kusema asilimia 65 ya vyumba vina vifaa. Mwingine atasema asilimia 50 vina vifaa vizima. Wa tatu atasema asilimia 15 ya saa za mikutano hupita kwenye vifaa hivyo. Wa nne atagawa saa 90 kwa saa 1,040 ambazo vifaa 26 vilikuwepo, apate chini ya asilimia 9. Wote wanne wamesema kweli. Lakini takwimu inayomsaidia mwenye kuamua ni nyingine: kati ya saa 150 za mikutano ya mbali, asilimia 40 zilikimbia kifaa cha chumba. Kabla ya kununua mtambo wa 27, taasisi hii itengeneze sita mibovu, kisha iwaulize waliotumia kompyuta zao ni kipi kiliwashinda.

7. Faragha

Vifaa vipya huweza kuhesabu watu waliomo chumbani kwa kutumia kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kwa kazi yetu, tunahitaji saa na idadi ya washiriki. Majina, sura na maneno yaliyosemwa visikusanywe.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila taarifa ya matumizi itaje kilichohesabiwa: vyumba, vifaa, mikutano, washiriki au saa. Pili, makadirio yatolewe kama kiwango cha chini na cha juu, pamoja na ukubwa wa sampuli na wiki zilizopimwa. Tatu, ofisa mmoja apewe jukumu la kujaza fomu ya kila chumba, na mkaguzi wa ndani aipitie. Nne, ombi la kununua vifaa vipya liambatane na saa za matumizi ya vilivyopo na sababu za saa zilizovikwepa. Tano, vyumba vya pande zote mbili, makao makuu na mikoani, vipimwe katika wiki zilezile.

Fedha zinazonunua mitambo hii ni za wananchi au za wenye hisa, na safari tunazotaka kupunguza zinawagharimu wao. Tuna wajibu wa kuwaeleza walichonunua kimefanya kazi saa ngapi.