Kuongoza Jiko la Mikate na Keki Katika Hoteli Kubwa

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Ipelele, Makete, Mkoa wa Njombe. Yanachapishwa hapa kwa kuwa hoteli za Unguja huajiri pia vijana watokao Tanzania Bara.)





Nimeombwa nieleze kazi ya kuongoza jiko la mikate na keki katika hoteli kubwa za Unguja. Wengi huidhania kuwa ni kazi ya mapambo. Mapambo yamo, lakini anayepewa uongozi hupewa kwa sababu ya mizani, kipimajoto na daftari.

Kijana wa hapa anayejua kuoka amejifunza kwa hewa ya milimani. Katika mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, wala si 100 kama ufukweni. Hewa ni nyepesi, keki huumuka upesi, na poda ya kuumulia ikizidi kidogo hubonyea katikati. Akishuka pwani na vipimo vilevile, vitamkataa.

Unguja adui ni joto na unyevu. Kroasanti, yaani ule mkate wa matabaka, hutengenezwa kwa kukunja siagi ndani ya donge la unga mara kadhaa. Siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia tanurini, matabaka hushikana na mkate hutoka mzito. Ndiyo maana chumba cha kazi hiyo hupozwa hadi nyuzi 18 au 20, na baada ya kila mkunjo donge hurudishwa katika friji lipumzike. Umeme ukikatika mwezi wa Februari, kiongozi ana dakika chache za kuamua kipi kiokwe mara moja na kipi kiachwe.

Vipimo vyote huhesabiwa kwa uzito wa unga. Kwa kilo 10 za unga, maji ya asilimia 60 ni kilo 6, na chumvi ya asilimia 2 ni gramu 200. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita au la saba, na ninyi walimu mliopo hapa mwaweza kuifundisha bila tanuri.

Sasa niseme lililo zito. Krimu ya maziwa na mayai hupikwa hadi nyuzi 82 hivi, kisha hupozwa haraka hadi chini ya nyuzi 5. Baina ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi, na mgeni aweza kulazwa hospitali kwa kipande kimoja cha keki. Krimu iliyosahauliwa mezani kwa saa nyingi huenda isionyeshe dalili wala isitoe harufu. Kiongozi ndiye mwenye amri ya kuimwaga, hata kama karamu inaanza baada ya saa moja na meneja amekunja uso. Asiyethubutu kumwaga asikabidhiwe jiko.

Utaratibu wa kuligawa jiko kubwa katika sehemu, kila moja na mkuu wake, ulijengwa na Mfaransa Auguste Escoffier (1846–1935), aliyeanza kuongoza majiko ya Hoteli ya Savoy, London, mwaka 1890. Hoteli nyingi zingali zinaufuata. Zamu ya mikate huanza usiku wa manane, ili saa 12 asubuhi kifungua kinywa kiwe tayari.

Hata hivyo, si kila ujuzi umetoka Ulaya. Bibi wa Unguja anayepika mkate wa kumimina kwa mchele, tui na hamira anajua, kwa kuutazama tu, ni wakati gani umeumuka vya kutosha. Kwa maoni yangu, mkuu wa jiko asiyekwenda kujifunza kwa bibi huyo ana upungufu, hata akiwa na vyeti vingapi.

Mafunzo yapo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo cha hoteli na utalii Arusha, na Unguja mafunzo ya utalii hutolewa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Nawaomba watumishi wa kata wawasaidie vijana kutayarisha vyeti vya shule na barua za utambulisho kabla ya safari, pamoja na kupima afya, kwani hilo ni sharti kwa kila anayeshika chakula cha wengine.