Chanzo cha Utumwa wa Kileo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Wazee watukufu, ndugu na akina mama: kila Mwislamu ajua ya kuwa kileo ni haramu. Basi kwa nini mtu aliyelelewa chuoni, naye aijua haramu hiyo, hushikwa na waragi hata akauza shamba? Asiyejua chanzo cha maradhi hawezi kuyatibu.

Chanzo cha kwanza ni damu. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya kushikwa na ulevi hurithiwa. Mwana wa mlevi hakuandikiwa kulewa, ila yampasa kujihadhari kuliko wenziwe.

Cha pili ni umri. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kadiri ya 40 walipata kuwa watumwa wa kileo. Katika walioanza na miaka 20 au zaidi, kadiri ya 10.

Cha tatu ni wepesi wa kukipata. Hapa Uganda waragi iliuzwa madukani katika vifuko vidogo, kwa bei ya kumudu hata mtoto, mpaka Serikali ikavikataza mwaka 2019.

Cha nne ni huzuni: msiba, upweke, kukosa kazi. Mtu hunywa ili asahau. Mwili ukazoea, kilichotosha jana kisitoshe leo. Mwisho hanywi kwa raha, bali kuzuia kutetemeka.

Hapo jamaa wengi hukosea. Wengine humfungia chumbani, na hali mlevi wa miaka mingi akikatizwa kileo ghafula aweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Huyo apelekwe kwa daktari. Wengine humfukuza, wakamzidishia upweke ule ule uliomwangusha.

Haramu ya kileo ni timilifu, wala hapana ruhusa ndani yake. Lakini kumbukeni kwamba iliteremka kwa daraja: katika Al-Baqara, kisha An-Nisaa, ndipo Al-Maida ikafunga mlango. Mola ajua jinsi mazoea yalivyo na mizizi. Basi mlevi akija msikitini asipewe kisogo. Apewe mahali pa kukaa.

Mwenyezi Mungu awaponye walioshikwa, na awakinge vijana. Amin.