Asiyekuwepo, na Lake Lipo

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Malindi na Kilifi)



Katika mikutano hii tumezoea kuzungumza habari za mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya akiba. Leo twaomba tuzungumze habari za watu waliopotea. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Katika kugawana faida ya kikundi, sawa. Lakini kwa mtu aliyepotea, methali hiyo ni hatari.

Sote twakumbuka Shakahola. Tarehe 21 Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ule. Kufikia Julai mwaka huo, miili ilikuwa imepita 400, na watoto wengi walikuwamo. Madaktari walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine walinyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, naye akakana. Hayo ni ya mahakama, tuyaachie mahakama.

Sisi twataka tuangalie hesabu nyingine. Msalaba Mwekundu walipokea majina ya watu zaidi ya 600 waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, familia zilianza kukabidhiwa miili. Wakati huo ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa kipimo cha DNA. Halafu mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, upande huo huo wa Chakama.

Kwa nini kutambua ni kugumu? Kipimo hicho hulinganisha mwili na jamaa wa damu: mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Kama hakuna jamaa aliyejitokeza, mwili hauna wa kulinganishwa naye. Unabaki na namba. Na pale walipoondoka baba, mama na watoto pamoja, nani amebaki nyumbani wa kuwaulizia?

Sasa hebu tuulizane. Mtoto akipotea, kijiji kizima hutoka na tochi. Lakini mtu mzima akiondoka twasema, "Ni mtu mzima huyo, atarudi mwenyewe." Je, kila mtu mzima aweza kujilinda? Yuko mwenye kifafa. Yuko mgonjwa wa akili aliyeacha dawa. Yuko bibi anayesahau njia ya kutoka kisimani. Yuko mjane anayeuza shamba na mbuzi kwa kuwa ameambiwa dunia inakwisha. Yuko mzee anayetishwa eti ni mchawi. Na twajua kule Ganze, Kaya Godoma imewahifadhi wazee waliokimbia tuhuma kama hizo. Watu hawa ni wazima kwa umri, lakini wanahitaji macho yetu.

Basi kikundi kifanye nini?

Kwanza, toeni habari polisi siku ile ile. Si lazima kungoja saa 24. Ombeni namba ya OB, muiandike katika daftari la kikundi. Mwambieni na chifu.

Pili, andikeni mambo yote mapema: jina kamili, umri, alama za mwilini, nguo alizovaa, dawa anazotumia, alionekana wapi mara ya mwisho na alikuwa na nani. Wekeni na picha. Baada ya mwezi, watu husahau.

Tatu, ulizeni hospitalini na mochari. Msalaba Mwekundu nao wana huduma ya kutafuta jamaa. Namba yao ya bure ni 1199.

Nne, jamaa wa damu akiitwa kutoa damu au mate, aende. Mara nyingi kinachomzuia ni nauli. Hapo ndipo akiba ya kikundi ina kazi.

Tano, lindeni mali yake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya yasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kupata habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa ithibitishwe vingine. Aliyesikika mara ya mwisho mapema mwaka 2023, miaka hiyo haitimii kabla ya 2030. Shamba lake si la kugawana leo. Na ile namba ya OB itasaidia kuonyesha kwamba alitafutwa, na tangu lini.

Ndugu zetu, familia isiyojua mtu wake yu hai au amekufa haiwezi kuanga matanga wala kungoja kwa raha. Tusiiache peke yake eti kwa kuwa siku zimepita.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni watu wazima gani wanaohitaji kuangaliwa, na nani hupita kuwajulia hali?
2. Kuna mtu wetu aliyepotea ambaye hatumtaji tena? Habari zake ziliandikwa wapi?
3. Tutatenga kiasi gani cha nauli kwa familia inayotafuta?