Cheti cha kikundi na sauti ya jamii
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya jamii ndogo na za wafugaji)



Mkutano wa leo ni wa karatasi moja tu: cheti cha usajili. Wengi hukichukulia kama kitu cha kufungulia akaunti ya benki. Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo, wanajua kwamba kina uzito kuliko huo.

Mwaka wa 1973 ardhi inayozunguka ziwa hilo ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Familia zikaondolewa kwenye malisho, kwenye chumvi ya mifugo na mahali pao pa matambiko. Jamii iliunda chombo chake cha kuitetea, lakini chombo hicho kikanyimwa usajili. Sasa Serikali ikija kushauriana na jamii, inashauriana na nani? Mwenye kauli hana cheti, na mwenye cheti huenda hana kauli. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa Februari 2010, iliona kwamba kunyimwa usajili huko kuliinyima jamii haki ya kushauriwa ipasavyo. Katika mapendekezo yake, pamoja na kurudishiwa ardhi, kulipwa fidia na kupewa mgao wa mapato ya hifadhi, Tume ilitaka chombo hicho kisajiliwe.

Siku hizi kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10, katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, na orodha ya wanachama. Karatasi hizo hupelekwa kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii katika kaunti ndogo. Huyo ni afisa wa Serikali ya Kitaifa. Kuna wanaofunga safari hadi ofisi ya wadi na kurudi mikono mitupu; wadi haisajili vikundi. Barua ya chifu nayo husaidia, lakini si cheti.

Kinachokwamisha vikundi vya jamii ndogo mara nyingi si katiba, ni kitambulisho. Mzee anayejua mipaka yote ya malisho, lakini hana kitambulisho, jina lake huachwa nje ya orodha, na nafasi yake huchukuliwa na kijana wa mjini asiyejua hata kisima kiko wapi. Anzeni na vitambulisho, katiba ifuate.

Jambo la pili linachanganya watu sana. Cheti cha kikundi hakileti hati ya ardhi. Ardhi ya jamii ina sheria yake, ya 2016, na msajili wake. Jamii nzima huandikishwa, kisha huchagua kamati ya watu kati ya 7 na 15. Ardhi ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na ikichukuliwa kwa mradi wa umma, fidia yake pia hushikiliwa hivyo hadi jamii ijisajili. Kwa hiyo jamii isiyojisajili itaendelea kuitazama fidia yake kwa mbali.

Yapo pia mashirika yanayokuja kutoka nje, yakipiga picha za watoto na kuchukua sahihi za akina mama. Tangu Mei 2024 mashirika ya aina hiyo yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Si utovu wa adabu kumwambia mgeni aonyeshe cheti kabla ya kupewa kiti. Akishaonyesha, aulizwe pesa zimeombwa kwa jina la nani, na ni nani katika kijiji hiki aliyekubali. Cheti kinathibitisha kwamba shirika lipo. Hakithibitishi kwamba limetumwa na familia hizi.

Vikundi ambavyo wazee wao hawana vitambulisho viandike majina hayo leo, kabla ya watu kutawanyika, na kuyapeleka kwa chifu ili maombi yaanze.