Kabla ya Mvua, Angalia Mtaro

Masika huanza Machi, na wengi wetu hukimbilia kupigilia mabati. Vyema. Lakini leo hebu inama, uangalie mtaro wa ploti. Je, paipu ya maji imepita ndani yake? Maji yakikatika, paipu hubaki tupu, na penye ufa uchafu wa choo huingia. Maji yakirudi, mtoto anaunywa. Mwambieni mwenye ploti aihamishe (najua, atasema kesho). Kufunga ufa kwa mpira hakutoshi. Zibueni mtaro, watoto wakae mbali. Maji ya kunywa yachemshe hadi yatokote. Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, uendelee kumnyonyesha. Macho yakiingia ndani, mkimbize kliniki hapo hapo.