PIKIPIKI ILIYOTUMIKA: ISOME KABLA HUJALIPA



Leo tuzungumze juu ya pikipiki iliyokwisha tumika. Baada ya mavuno mtu anauza mahindi au tumbaku, anapata fedha. Mara anasikia Mpanda mjini kuna pikipiki inauzwa bei nafuu. Anakwenda. Muuzaji anaipiga kiki, injini inanguruma, vijana waliosimama pale wanasema, "Mzee, hii ina mbio!" Basi, fedha ya mwaka mzima inatoka mfukoni. Je, mbio ndizo za kununua?

Tuwatazame wanaoshindana

Wenzetu wa Uganda wana viwanja vya mashindano ya pikipiki, kama Garuga karibu na Ziwa Viktoria, na Busiika kaskazini ya Kampala. Katika michezo hiyo, mtu wa fedha kidogo huanza na pikipiki iliyotumika, kama mimi na wewe. Mwenye akili haanzi kwa kuongeza nguvu ya injini. Anaanza na breki, matairi, mnyororo na fremu. Wengine hata huifunga boliti ya oili kwa waya, isije ikalegea na kumwaga oili njiani. Wanajua kwamba anayeweza kusimama ndiye anayeweza kwenda mbio.

Tena, uwanjani wote wanakwenda upande mmoja. Hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayevuka na ndoo ya maji, na watu wa huduma ya kwanza wako tayari. Kwetu lami ya Tabora imefika Mpanda, lakini njia za mashambani ni mchanga wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Ikiwa wao wanaanza na breki, sisi je?

Kwanza: soma namba

Hapa ndipo kisomo kinapoleta faida. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kwetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu walifundishwa kusoma ili wasidanganywe kwenye mizani. Leo tusidanganywe kwenye pikipiki.

Omba kadi ya usajili. Soma namba ya fremu kwenye kadi, halafu itafute kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Soma namba ya injini, uitafute ubavuni mwa injini. Zilinganishe herufi kwa herufi. Ukikuta imekwaruzwa kwa tupa au imegongwa upya, ondoka. Usiseme "bei yake nzuri." Pikipiki ya wizi ikikamatwa, unapoteza pikipiki na fedha, na kituoni utajieleza wewe. Jina la kwenye kadi liwe la muuzaji. Andikianeni hati ya mauziano mbele ya mashahidi, kisha ukahamishe umiliki kwa Mamlaka ya Mapato.

Tairi nayo husomwa. Ubavuni tafuta namba nne zilizozungushiwa mstari. Ukikuta 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la siku nyingi hukauka na kupasuka nyufa hata kama meno yake bado marefu.

Pili: fremu na magurudumu

Mtu aishike pikipiki wima, usukani ukiwa sawa. Simama nyuma yake hatua tano. Gurudumu la mbele na la nyuma yafuatane katika mstari mmoja. Yakipishana, huenda ilianguka vibaya. Tazama shingo ya fremu: rangi mpya mahali pamoja tu inaweza kuficha weldi au ufa.

Iweke kwenye stendi kubwa. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Lizungushe: lisiyumbe kama mlevi. Gonga spoki moja moja. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Vuta mnyororo nyuma ya sproketi kubwa. Ukiachana sana na meno, au meno yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, hesabu gharama ya mnyororo na sproketi zote mbili.

Tatu: breki

Bana breki ya mbele, kisha jaribu kuisukuma pikipiki. Gurudumu lisizunguke. Kama mkono wa breki unafika hadi kwenye mshikio, kuna walakini. Fanya hivyo hivyo na breki ya nyuma.

Sikilizeni hesabu hii. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu meta 17 kwa sekunde moja. Yaani ukishtuka tu, kabla hujagusa breki, umekwisha kwenda meta 17. Na mwendo ukiwa mara mbili, umbali unaohitajiwa na breki unakuwa mara nne.

Nne: injini, mwisho wa yote

Iguse injini kabla haijawashwa. Iwe baridi. Kama muuzaji ameipasha moto mapema, subiri ipoe, maana injini mbovu huficha ugonjwa wake ikiwa moto. Ikisha waka, tazama moshi. Kwa injini ya stroki nne, ambazo ndizo nyingi siku hizi, moshi wa buluu usiokoma maana yake inakula oili. Matengenezo yake ni ghali. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Huo mara nyingi hutibika kwa fedha kidogo.

Ukisha nunua

Bakiza fedha. Usinunue pikipiki kwa shilingi yako ya mwisho. Kabla ya kubeba abiria au gunia, fanya haya: badilisha oili, safisha chujio la hewa, tengeneza breki, badilisha waya za klachi na breki zilizochanika. Mnyororo ucheze kama sentimeta mbili hadi tatu katikati, au kama kijitabu chake kinavyosema. Shokapu za nyuma nyingi zina ngazi za kukaza springi. Mshindani huzipanga kwa uzito wake. Wewe zikaze unapobeba mzigo, zilegeze ukiwa peke yako. Kwenye mchanga bana breki zote mbili polepole, maana gurudumu la mbele likikwama ghafla utaanguka.

Ninyi vijana, kutoboa eksozi kunaongeza kelele. Nguvu haiji kwa kelele, na injini inaweza kupata moto kupita kiasi. Wanaoshindana huondoa vioo na taa kwa sababu wako uwanjani. Wewe uko barabarani. Acha vioo, acha taa, vaa kofia ngumu na umvalishe abiria wako. Na leseni uwe nayo.

Ndugu zangu, cha rahisi ghali. Yule anayeuza kwa haraka, mwambie, "Ngoja kwanza nisome." Kama pikipiki ni ya haki, itangoja.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini namba za kwenye kadi lazima zilingane na za kwenye pikipiki?
2. Tairi limeandikwa 0821. Lilitengenezwa lini?
3. Kwa nini anayeshindana huanza na breki kabla ya injini?
4. Katika njia za kijijini kwenu, mahali gani ni pa hatari zaidi kwa pikipiki? Mnaweza kufanya nini pamoja?