Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo naomba ruhusa nibishane nao kidogo.

Tuchukue kanzidata, yaani zile programu zinazotunza kumbukumbu ndani ya kompyuta: majina ya wagonjwa, ada za wanafunzi, hesabu za duka. Zipo za kununua kwa fedha nyingi, na zipo zilizo huria, ambazo mtu huzichukua bure na kuzirekebisha. Kati ya hizo huria, mbili zimeshindana kwa karibu miaka 30: PostgreSQL na MySQL.

PostgreSQL ni mtoto wa wasomi. Mizizi yake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Michael Stonebraker. Ilikuwa makini: ukihamisha fedha kutoka akaunti hii kwenda ile, umeme ukakatika katikati, hesabu haipotei njiani. MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995, na miaka ya mwanzo haikuwa na ulinzi huo.

Basi ipi ilienea? Hiyo hiyo ya Sweden! Ilikuwa nyepesi, yenye mbio, na kuiweka kwenye kompyuta hakukumtoa mtu jasho. Iliingia kwenye Windows mapema, wakati mwenzake alingoja hadi 2005. Zaidi ya yote, ilipata marafiki. Waliokodisha nafasi za tovuti waliiweka pamoja na Linux, Apache na PHP, na WordPress ilipozaliwa mwaka 2003 ilijengwa juu yake. Kijana aliyefungua tovuti yake ya kwanza hakuchagua, aliikuta mezani.

Lakini MySQL ilikuwa mali ya kampuni moja. Mwaka 2008 Sun iliinunua kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2010 Sun nayo ikamezwa na Oracle, muuzaji mkubwa wa kanzidata za kulipia. Mwanzilishi wake mmoja, Michael Widenius, alikwishaona hatari, akachukua nakala na kuanzisha MariaDB. PostgreSQL haina mwenye mali mmoja wa kuiuza. Iliendelea pole pole, na katika uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2023 watumiaji wake waliwazidi wa MySQL.

Mkuu wa shule moja aliniuliza achukue ipi. Nikamuuliza fundi wake anaijua ipi. Akakuna kichwa: fundi mwenyewe anahama mwezi ujao.